Nyuma ya Wenye Pinde: Shajara ya Safari ya Eyasi

Jumapili. Arusha, Karatu, Ghorofani

Swali lililonitoa nyumbani ni hili: mtoto wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji na waokotaji wa kaskazini mwa Tanzania, anafundishwa upinde na nani? Nataka kujua anamtazama nani, anatamani kufanana na nani, na anachukua nini hasa kwa huyo anayemtazama.

Mizizi ya swali langu iko mbali. Ukikutana na watu wa mataifa mengine wanaowinda kwa upinde wa mti mtupu, usio na magurudumu wala kilengeo, ukawauliza mwalimu wa walimu wao ni nani, wengi watakutajia Ishi. Alikuwa mtu wa mwisho wa kabila la Yahi. Alijitokeza mwaka 1911 karibu na Oroville, California, baada ya watu wake kumalizwa kwa bunduki na magonjwa ya walowezi. Akapelekwa San Francisco, akaishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu, na daktari wa hospitali ya jirani, Saxton Pope, akawa mwanafunzi wake wa upinde. Ishi alifariki mwaka 1916 kwa kifua kikuu. Pope aliendelea kuchonga pinde na kuwinda, akampata mwenzake Arthur Young, na mwaka 1925 wawili hao pamoja na mwandishi Stewart Edward White walifika huku kwetu Tanganyika kuwinda simba kwa mishale.

Kila nikiisoma habari hiyo nasimama hapo hapo. Walivuka bahari kuja kuyapima mafunzo ya Ishi katika nchi ambayo tayari ilikuwa na mabingwa wa upinde, ambao mafunzo yao hayakuwa yamekatika. Ndiyo maana nimo kwenye basi la Karatu.

Kutoka Karatu gari linateremka kuelekea Bonde la Ufa na joto linapanda kwa kila kona. Mang'ola yote inanuka vitunguu: mashamba ya umwagiliaji, magunia kando ya njia, malori yakisubiri mzigo. Ziwa Eyasi lenyewe, ambalo ni la magadi, limekauka kando na kuacha weupe mkali. Ghorofani nilijiandikisha, nikalipa ada ya kijiji, nikaunganishwa na kijana Mhadzabe anayezungumza Kihadzabe, Kidatoga na Kiswahili bila kusita. Yeye ndiye mkalimani wangu wiki hii.

Nimekubaliana naye jambo moja mapema. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mtu kama mimi kuwinda bila kibali. Wahadzabe wanaruhusiwa kuwinda kwa ajili ya chakula chao. Kwa hiyo upinde wangu nimeuacha Arusha. Nimekuja kutembea nyuma.

Jumatatu. Kambini

Tumetembea tangu alfajiri kuelekea miinuko ya Kidero, mbali na kambi za karibu na barabara ambazo hupokea watalii kila asubuhi. Kambi iko chini ya mibuyu miwili, mgongoni mwake mwamba mkubwa. Vibanda vya nyasi ni vichache. Kiangazi hiki watu wengi wanalala nje.

Mzee wa kambi alikuwa ameketi na wanaume wengine kwenye kivuli chao, kila mmoja na upinde wake karibu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mtana," akaongeza salamu ya kwao, akanipisha niketi. "Umekuja kupiga picha?"

"Hapana, babu. Nimekuja kutazama watoto wanavyojifunza upinde."

Akawatafsiria wenzake, wakacheka kwa furaha. Kisha akanijibu kwa Kiswahili: "Watoto hawatazamwi. Wao ndio wanaotazama."

Mchana wote nilikaa mahali ambapo wavulana huchezea. Aliye mdogo kabisa hajafika miaka mitano, na ana upinde wake halisi, wenye ugwe uliokazwa vizuri, uliopimwa kwa mkono wake. Mishale yake ni vijiti vilivyochongwa ncha, bila chuma. Walilenga ganda tupu la ubuyu lililowekwa juu ya jiwe, kisha mmoja akawa analivingirisha kwenye mteremko na wengine wanalipiga likiwa mbioni. Hakuna aliyepanga zamu, wala mtu mzima hakuja kusimamia.

Kilichonishika ni kijana wa miaka kama kumi. Upinde wa yule mdogo ni yeye aliyeuchonga. Mdogo alipokosa mara kadhaa, kaka huyu hakusema neno. Aliuchukua ule upinde, akaulegeza ugwe kidogo, akamrudishia. Halafu akasimama pembeni yake, bega kwa bega, akavuta upinde wake mwenyewe taratibu kuliko kawaida, akaachia. Mdogo akafanya vile vile. Baadaye kidogo mvulana mwingine, labda wa miaka kumi na mitatu, alipita na kanga aliyempiga, na huyu wa kumi aliacha kila kitu akamfuata kwenda kuutazama ule mshale.

Nimeandika kwenye daftari: kila mtoto ana mwalimu aliyemzidi hatua moja. Mtu mzima anayepiga tandala yuko mbali mno kwa mtoto wa miaka minne; haoni namna ya kufika kule. Kaka yake anamwona.

Jumanne. Moto, meno na ugwe

Leo sikutoka kambini, na nadhani hii itabaki kuwa siku nzito kuliko zote.

Mwanaume wa makamo alikuwa anaunda upinde mpya. Alikuwa ameshabandua gome na kuuchonga mti kwa kisu kwa siku kadhaa. Leo ilikuwa kazi ya moto. Anaupitisha juu ya makaa, anausikiliza, anaupinda kwenye uma wa mti, anauangalia kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha, anaurudisha kwenye makaa. Upinde wa Mhadzabe mtu mzima si wa kuchezea. Ni mrefu, mara nyingi unamkaribia mwenyewe kwa kimo au hata kumpita, na kuuvuta kunadai nguvu ya kilo 30 hivi na zaidi. Nilipewa wa jirani yake niujaribu. Mkono uliozoea upinde wa shabaha unatambua mara moja kwamba hapa nafasi ya kushikilia na kutafakari ni ndogo: unavuta na kuachia kwa mwendo mmoja.

Mishale inanyooshwa kwa moto na meno. Uti unapashwa, kisha mtu anaushika kwa meno ya pembeni na kuupinda kidogo kidogo, akiuzungusha, akiuchungulia. Nimewahi kuona picha za kazi hii, lakini picha haikuonyeshi kwamba karibu kila mwanaume aliyekaa pale anafanya hivyo huku akizungumza mambo mengine, na wavulana wawili nyuma yao wanafanya hivyo hivyo kwa vijiti vyao, wakikunja uso vile vile. Ugwe unatokana na kano za wanyama, zilizokaushwa, kuchanwa na kusokotwa. Manyoya ya mshale ni ya kanga au ya tai, yakifungwa kwa uzi wa kano uliolainishwa mdomoni.

Mishale haifanani kazi. Wa ncha ya mti ni wa ndege na wanyama wadogo. Wa chembe, yaani ncha bapa ya chuma, usio na sumu, ni wa wanyama wa kiasi. Wa tatu ni wa sumu: chembe chake kina miiba na kimefungwa kwenye kijiti kinachochomoka, kwa hiyo mnyama akikimbia na kuuangusha uti, chembe hubaki mwilini. Shingo yake imezungushiwa ukanda wa ngozi, ili sumu isikauke na mwenyewe asijichome. Sumu moja, panjube, inachemshwa kutokana na utomvu wa adenium, mmea ule ule wa maua mekundu ambao mijini tunaupanda kwenye vyungu kama pambo. Nyingine hutoka kwenye mbegu za mmea uitwao strofanthusi. Zote mbili huusimamisha moyo. Nyama iliyozunguka kidonda hukatwa na kutupwa. Iliyobaki inaliwa bila madhara.

Nilimuuliza mtengeneza upinde nani alimfundisha. Akamtaja mtu, kisha akamtaja mwingine kwa mishale, kisha wa tatu kwa sumu. Nikauliza: na kuwinda? Akaonyesha kwa kidevu wanaume wawili tofauti, mmoja kwa usiku kwenye maji, mwingine kwa kufuata nyayo. Mkalimani wangu akaongeza kwamba huyu anayetengeneza pinde nzuri kuliko wote hatajwi kuwa mpigaji bora, na hakuna anayeona ajabu. Unamfuata mtu kwa kile anachokiweza.

Jioni wanaume walicheza lukuchuko. Kila mmoja huweka dau, mara nyingi mishale, kisha vibao vidogo vya magome hurushwa kwenye shina la mti, na namna vinavyoanguka ndiyo huamua mshindi. Mishale ya huyu ikahamia kwa yule, ya yule kwa huyu. Nilimwona kijana mmoja akishinda mshale wa mzee, akauinua mbele ya mwanga na kuugeuza kwa muda mrefu, akichunguza jinsi manyoya yalivyofungwa. Mchezo huu umeandikwa sana na wataalamu kama njia ya kusambaza mali, na mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kazi yake hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza hilo kwa kina. Mimi nimeona pia kwamba unasambaza kazi za mikono ya mabingwa. Fundi wa mishale hana haja ya kuitisha darasa. Kazi yake inatembea kambi hadi kambi ndani ya podo za watu wengine.

Jumatano. Porini

Wanaume wa hapa mara nyingi huwinda peke yao. Leo mmoja alikubali kwenda na mpwa wake, kijana wa miaka kumi na mitano hivi, nami na mkalimani tukifuata nyuma kabisa. Masharti: tusizungumze, na tukiona wamesimama, tusimame na mguu hewani kama mguu uko hewani.

Mjomba alikuwa akiokota vumbi kila baada ya muda na kuliachia lianguke. Kijana hakuelezwa lolote, lakini baada ya muda naye akaokota. Kulikuwa na nyayo za kudu mdogo, yaani tandala, za jana. Mjomba alizigusa, akaendelea. Kulikuwa na kinyesi cha pimbi kwenye mwamba, akakiruka. Ndege mlembe alitujia akipiga kelele zake za kuita watu kwenye mzinga, na hapo mjomba aliitikia kwa mluzi ili asimkatishe tamaa, ila leo hakumfuata.

Digidigi alikuwa kwenye kivuli cha mkole, umbali wa hatua ishirini na kidogo. Mjomba aliinama, akasogea, akasimama, akasogea tena, na katika kila kusimama alionekana kama kisiki cha mti. Mshale ulitoka kabla sijajua kwamba ameshavuta. Digidigi aliruka na kupotea kichakani.

Na sasa ndilo lililonipa faida ya safari nzima. Kijana alikuwa ameshainua mguu kukimbia. Mjomba akaketi. Akaketi kabisa, akatoa tumbaku, akawasha. Kijana akabaki amesimama, akimtazama, akitazama kichaka, akimtazama tena, mpaka naye akaketi. Walikaa hivyo kwa muda mrefu sana kwa mtu mwenye njaa. Mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa hukimbia mbali. Akiachwa hulala karibu. Hilo unaweza kulisema kwa sentensi moja, na kijana yule bila shaka amelisikia tangu utotoni. Alichokuwa akijifunza leo ni namna mwili wa mwanaume unavyotulia wakati moyo unataka kukimbia, na jambo hilo huwezi kumpa mtu kwa mdomo.

Walipoinuka, mjomba alimwachia kijana atangulie kwenye nyayo. Tone la damu kwenye jani, kokoto iliyogeuzwa, nyasi iliyolala. Pale kijana alipopotea, mjomba alisimama tu kwenye alama ya mwisho. Hakumwonyesha kidole. Kijana alirudi, akaanza upya kutoka miguuni mwa mjomba wake, akaiona. Mnyama alikuwa amelala chini ya mwiba, amekwisha kufa.

Kurudi kambini kulinifundisha lingine. Sikusikia kelele za ushindi. Mjomba aliketi na wenzake kimya. Mkalimani alinieleza kwamba hata mtu akipiga mnyama mkubwa hufanya hivyo hivyo: hurudi, hukaa, na wenzake huiona damu kwenye uti wa mshale wakaelewa. Kujisifu ni aibu. Nyama ya mnyama mkubwa ni ya kambi nzima, na mpigaji hana haki ya kuwakumbusha watu nani aliyeileta. Kijana wa juzi aliyekuwa na kanga pia hakupiga kelele. Nilidhani ni haya, kumbe ni adabu ambayo ameshaichukua kwa wakubwa pamoja na upinde.

Nawaza kuhusu sisi tunaopenda upinde mjini. Tunawachagua mabingwa wetu kwa pembe zilizotundikwa ukutani na picha za kupiga magoti nyuma ya mnyama. Kwa kipimo hicho, mjomba huyu asingejulikana na mtu.

Alhamisi. Kwa mhunzi, na habari za epeme

Asubuhi tulikwenda kwa mhunzi wa Kidatoga, wafugaji majirani wa Wahadzabe. Anayeyusha kufuli kuukuu na vipande vya shaba kutengeneza vikuku, na chuma chakavu kinageuka vyembe vya mishale. Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana na asali. Wao wenyewe pia hufua misumari kwa nyundo bila kuipasha moto, wakapata vyembe vizuri tu.

Mchana nilimuuliza mzee kuhusu epeme, na nitaandika kile alichoruhusu. Mwanaume akishaua mnyama mkubwa anaingia katika kundi la wanaume wanaokula nyama ya epeme, baadhi ya viungo vya ndani vya mnyama ambavyo wanawake na wavulana hawaruhusiwi kuviona vikiliwa. Usiku usio na mwezi huchezwa ngoma ya epeme, mwanaume mmoja mmoja gizani, na njuga mguuni na manyoya kichwani, wanawake wakiimba. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikuuliza. Kwa kijana wa jana, hiki ndicho kizingiti kilichobaki. Digidigi hamfikishi mtu huko. Lazima awe mnyama mkubwa.

Ijumaa. Wanyama wako wapi

Tulipanda mwamba wa nyuma ya kambi na mzee akanionyesha. Upande ule zamani kulikuwa na nyati. Upande huu walikuwa wakishuka pofu. Sasa unaona vumbi la ng'ombe, na chini kabisa kijani cha vitunguu. Wahadzabe wote hawazidi sana elfu moja na mia chache, na wanaoishi kwa kuwinda na kuokota kwa sehemu kubwa ya chakula chao ni mia chache tu. Ng'ombe wa kiangazi wakimaliza nyasi na maji, wanyama wakubwa huhama, na vijana hubaki na ndege na pimbi.

Hapo nikaiona hatari ambayo sikuja nikiifikiria. Ngazi ya walimu inaweza kuwa nzima, kaka akimfundisha mdogo, mjomba akimfundisha mpwa, lakini ngazi ikakosa kipandio cha juu. Mzee anayejua kumvizia tandala usiku kwenye maji atamfundisha nani kama tandala haji?

Lipo la kutia moyo, nami nalishikilia kwa nguvu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ng'ambo ya miinuko hii, walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jamii nzima, zaidi ya hekta 20,000. Mzee aliniambia kule wanyama bado wapo, na vijana wa kambi hii huenda kukaa na ndugu zao msimu mzima ili wawinde nao. Kwa maoni yangu hicho ni chuo, na hati ile ya ardhi ndiyo ada iliyolipwa.

Nilimsimulia mzee habari za Ishi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Alikuwa na mtoto wa kumfundisha?" Nikamwambia hapana, alimfundisha daktari. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Yule daktari alipata bahati. Ishi hakupata." Nimelifikiria hilo jioni nzima. Pope alipata mwalimu mmoja mkubwa, na tangu hapo watu wa Marekani wamemjenga kuwa baba wa upinde wao, hata chama cha wawindaji wa upinde kilichoanzishwa mwaka 1961 kikabeba jina lake na la Young. Mtoto wa hapa ana kambi nzima ya walimu wasio na majina makubwa. Nikilazimishwa kuchagua nilelewe na nani, najua ningechagua wapi.

Jumamosi. Kuondoka

Kabla ya kuaga, wavulana walinipa upinde wa yule wa miaka kumi na mitatu nilenge ganda la ubuyu pamoja nao. Nilipiga, wakashangilia, tukaendelea hadi jua likawa kali. Mzee alikuwa akitazama.

"Nani alikufundisha?"

"Vitabu, babu. Na marafiki."

"Kitabu kinakuona unapovuta?"

"Hapana."

"Basi tafuta mtu wa kukuona." Akamwita mtengeneza upinde, wakazungumza Kihadzabe kwa muda. Mkalimani akanitafsiria: nikirudi msimu ujao, mtengeneza upinde atakaa nami, mradi nije kwa wiki nyingi, na nikubali kuanza na mishale ya mti pamoja na watoto. Nimekubali.

Mzee akaniagiza nije na misumari ya inchi sita, kilo mbili kama nitaweza kubeba. Nikauliza ni ya nani. Akamwonyesha yule wa kanga, aliyekuwa akikusanya mishale kwenye mteremko: amepiga ndege wa kutosha, mvua zijazo atafua vyembe vyake mwenyewe, na kaka yake wa Yaeda ameshakubali kumchukua.